Nyota Hauzwi Gizani

Hotuba kwa wachezaji, makocha na mashabiki wa mpira wa kikapu, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu wa mchezo mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, mambo zenu. Itifaki nyingine zote tuhesabu zimezingatiwa, maana nimepewa swali gumu na muda mfupi.

Nimeulizwa hivi: timu ya kikapu iwauze wachezaji wake nyota, au isiwauze? Aliyenipigia simu kunialika alitaka jibu la ndiyo au hapana. Basi ndiyo, iwauze. Ila nyota auzwe mchana kweupe, na timu inayomuuza iwe imeshajua inataka kuwa timu ya namna gani bila yeye. Kama haijui, abaki, hata kama anakera. Huo ndio msimamo wangu, na ushahidi wangu nitautoa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, kwa sababu ndiko biashara hii inakofanyika kwa fedha nyingi kuliko kwingine, na habari zake hutufikia hata sisi tunaokesha huku na simu mkononi.

Wale mliotokea kwenye soka nawaomba tuelewane mapema. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mwezi Januari 2016, klabu ilipata fedha yake, na Samatta mwenyewe alikubali mshahara akasaini. NBA mambo si hivyo. Mchezaji mwenye mkataba anaweza kupelekwa timu nyingine akiwa amelala, mkataba ukamfuata kama ulivyo, naye hana la kufanya. Wenye kipengele cha kukataa kuhamishwa ni wachache wa kuhesabika kwa vidole. Wala hakuna ada ya uhamisho kama tunayoijua sisi. Wanabadilishana watu kwa watu, pamoja na haki za kuchagua chipukizi miaka ijayo kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huwachagua chipukizi kwa zamu, raundi kwa raundi, na mishahara ya wanaotoka na wanaoingia lazima ikaribiane kwa sababu ligi ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2025–26 ukomo huo ulikuwa dola milioni 154.6. Mchezaji aliyekaa ligini miaka kumi au zaidi anaruhusiwa kuanza mkataba kwa asilimia 35 ya kiasi hicho, yeye peke yake. Timu ina watu 15. Kwa hiyo ukimweka nyota, umeshaamua pia wenzake 14 watakuwa watu wa aina gani, na hapo ndipo kelele zote zinapoanzia.

Ili tusizunguke ligi nzima, nitachukua darasa moja la wachezaji, la drafti ya Juni 2009. Nimelichagua kwa sababu yumo wa kwetu. Aliyechaguliwa wa kwanza ni Blake Griffin, akaenda Los Angeles Clippers. Wa pili, Hasheem Thabeet wa hapa hapa Dar es Salaam, Memphis Grizzlies. Wa tatu James Harden, Oklahoma City Thunder. Wa saba Stephen Curry, Golden State Warriors. Wa tisa DeMar DeRozan, Toronto Raptors. Wanne kati ya hao watano waliuzwa na timu zilizowachagua. Amebaki mmoja tu, na hata yeye kubaki kwake kulisababisha mwingine auzwe. Nitamfikia.

Tuanze nyumbani. Februari 2011 Memphis walimpeleka Hasheem kwenda Houston, wakampata Shane Battier. Huku watu walinuna. Kijana wetu, futi saba na inchi tatu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, hata miaka miwili hajamaliza, anatolewa ili aje mzee wa miaka 32 asiyefunga pointi nyingi! Lakini tazameni kilichofuata. Tarehe 17 Aprili mwaka ule ule, Memphis walioingia mtoano wakiwa wa nane kanda ya Magharibi waliwafuata San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Sekunde za mwisho mechi imebana, Battier akatupa ya pointi tatu, ikaingia, Memphis wakashinda. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu klabu ianzishwe. Kabla ya hapo walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano na kupoteza zote. Spurs wakatolewa kwa mechi nne kwa mbili.

Hasheem alikuwa nyota wetu sisi. Kule Memphis nafasi ya mtu mrefu ilikuwa na Marc Gasol, na walichokosa ni mzoefu wa kumkaba mfungaji wa timu pinzani. Naanza na mfano huu kwa sababu unaniuma, na mfano usiokuuma haukufundishi sana. Jina la mchezaji lina uzito wake mtaani na uzito mwingine kabisa ndani ya mistari ya uwanja, na meneja analipwa kuutazama huo wa pili.

Harden ni habari ya kinyume. Mwaka 2012 Oklahoma City walifika fainali wakiwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na Harden, vijana watatu ambao kila mmoja baadaye alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Walifungwa na Miami nne kwa moja, lakini nani hakuona kwamba watarudi? Mwezi Oktoba mwaka huo huo mazungumzo ya mkataba mpya wa Harden yakakwama kwenye dola milioni chache, wakamuuza Houston siku chache kabla ya msimu kuanza. Hasheem, kwa taarifa yenu, alikuwa ameshajiunga na Thunder kiangazi kile. Timu hiyo haikurudi fainali hadi 2025. Miaka 13. Waliuza kwa sababu kalenda iliwabana na daftari la hesabu liliwatisha, na sijawahi kusikia mtu akieleza walitaka kuwa timu gani bila Harden zaidi ya kuwa timu ile ile yenye gharama ndogo.

Sasa naomba mtulie kidogo kwa DeRozan, kwa sababu hapa ndipo mashabiki tunapogombana zaidi.

Toronto walimlea DeRozan miaka tisa. Alikuwa amefunga pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu. Wachezaji wengi wa Marekani hawakutaka kuishi Kanada, yeye akasema anataka, na mwaka 2016 alisaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 139 bila hata kwenda kusikiliza timu nyingine. Msimu wa 2017–18 timu ilishinda mechi 59. Kisha ikaja Cleveland ya LeBron James ikawafagia nne kwa bila. Mwaka uliotangulia pia iliwafagia nne kwa bila. Mwaka wa kabla ya huo iliwatoa nne kwa mbili. Miaka mitatu mfululizo, mtu yule yule.

Rais wa klabu alikuwa Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mkenya, kwa hiyo tuna haki ya kumzungumzia kama ndugu. Alianza kwa kumfukuza kocha Dwane Casey, aliyetoka kuchaguliwa na makocha wenzake kuwa kocha bora wa mwaka. Halafu Julai 2018 LeBron akaondoka kanda ya Mashariki kwenda Los Angeles Lakers, kanda ya Magharibi. Fikirini mngekuwa Masai. Aliyekuwa anawafunga ameondoka mwenyewe, mlango uko wazi, kikosi ni kile kile kilichoshinda mechi 59. Tisa kati ya kumi wetu hapa tungesema tuwaache vijana wapate nafasi yao.

Yeye tarehe 18 Julai akamuuza DeRozan kwenda San Antonio, pamoja na Jakob Poeltl na haki ya drafti, akamchukua Kawhi Leonard na Danny Green. Kawhi alikuwa amecheza mechi tisa tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Na kila mtu alijua moyo wake uko Los Angeles. Yaani Masai alimtoa mtu aliyetaka kubaki akamleta mtu aliyetaka kupita njia.

Mnajua ilivyoisha. Mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, mpira wa Kawhi ukadunda mara nne kwenye chuma kabla ya kuingia. Tarehe 13 Juni 2019 Toronto wakawafunga Golden State kule kule kwao Oakland na kuchukua ubingwa wao wa kwanza, na mwezi uliofuata Kawhi akaenda zake Clippers. Wapo wanaosema alikodishwa. Sawa, alikodishwa. Ubingwa unaukumbuka hata mtoto aliyezaliwa mwaka ule, na hauna tarehe ya kurudishwa.

Kwa nini nasema Masai alifanya sawa, na siyo kwamba alibahatika tu? Kwa sababu alikuwa na ushahidi wa miaka mitatu. Kikosi kile kilikuwa kimepewa kila nafasi, na dari yake ilionekana. Mashabiki waliiona ile Cleveland kama ukuta uliosimama njiani na sasa umeondoka. Masai aliitazama timu yake mwenyewe akaona haifungi inapokabwa kwa nguvu ya mtoano, na hilo lisingeondoka na LeBron. Alijua anachokosa, akakitaja kwa jina, akaenda kukinunua. Februari 2019 akaongeza Marc Gasol kutoka Memphis, akimtoa Jonas Valančiūnas ambaye naye alikuwa kipenzi cha watu. Kila hatua ilielekea upande mmoja.

Kuna jambo moja ambalo simsamehe, hata kama ni ndugu. DeRozan alisema waziwazi kwamba siku chache kabla alihakikishiwa hatauzwa. Masai baadaye aliomba radhi, akasema hawakuelewana walipozungumza. Mtu aliyekupa miaka tisa, aliyekusainia bila kwenda kwa jirani, anastahili kusikia kutoka kinywani mwako kwamba jina lake liko mezani. Wapo makocha humu watakaosema ukimwambia atavurugika, ataacha kujituma. Labda. Lakini wengine 14 nao wanatazama, na kila mmoja anajifunza siku ile neno lako lina thamani gani.

Griffin nitampitia haraka, ingawa kisa chake ndicho chenye vituko kuliko vyote. Kiangazi cha 2017 Clippers walimbembeleza abaki. Wakaandaa hadi maigizo ya jezi yake kupandishwa darini kama mstaafu wa heshima. Akasaini dola milioni 171 kwa miaka mitano. Januari 2018, kabla hata msimu mmoja haujaisha, wakamuuza Detroit. Kwa utu, aibu. Kwa kikapu, fuateni uzi. Ndani ya biashara ile Clippers walipata haki ya drafti ya Detroit, ikatokea kuwa nafasi ya 12 mwaka 2018, wakaibadilishana na Charlotte kumpata kijana aliyechaguliwa wa 11, Shai Gilgeous-Alexander. Mwaka mmoja baadaye Kawhi akawaambia Clippers atakuja kama watamleta Paul George. Paul George alikuwa Oklahoma City. Thunder wakasema sawa, tupeni Shai, Danilo Gallinari, haki tano za raundi ya kwanza na haki nyingine za kubadilishana nafasi. Clippers wakatoa vyote.

Tazameni tofauti ya Oklahoma City ya 2012 na ya 2019. Meneja ni yule yule, Sam Presti. Safari hii hakuwa akipunguza gharama. Alijua anauza msimu wa sasa ili anunue miaka mitano mbele, akamuuza na Westbrook wiki hiyo hiyo, akakubali kufungwa. Msimu wa 2020–21 walishinda mechi 22, uliofuata 24. Msimu wa 2024–25 walishinda 68, Shai akawa mchezaji bora wa ligi, na mmoja wa waliopatikana kwa zile haki za Clippers, Jalen Williams, akafunga pointi 40 kwenye mechi ya tano ya fainali. Wakawa mabingwa.

Na walicheza fainali hiyo na nani? Indiana Pacers. Indiana nao waliwahi kumuuza Paul George, mwaka 2017, wakapata Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Sabonis wakamuuza Sacramento mwaka 2022 wakampata Tyrese Haliburton. Januari 2024 wakamchukua Pascal Siakam, Mkameruni, kutoka Toronto. Yaani fainali ya 2025 ilikuwa kati ya timu mbili zilizowahi kumuuza mtu mmoja. Clippers waliomnunua kwa bei ile walifika fainali ya kanda mara moja, 2021, na 2024 akaondoka bure kwenda Philadelphia. Simsemi vibaya Paul George, ni mchezaji mzuri sana. Nasema tu kwamba ukitaka kumtetea anayesema nyota hauzwi kamwe, fainali hiyo itakusumbua.

Curry, niliahidi nitamfikia. Machi 2012 mashabiki wa Golden State walikuwa na kipenzi chao, Monta Ellis, mfungaji, mtu wa kuruka na kushangilia. Curry msimu huo alicheza mechi 26 tu. Vifundo vya miguu vilikuwa vinamsumbua mara kwa mara. Klabu ikamuuza Ellis Milwaukee ikamchukua Andrew Bogut, mtu mrefu, mkabaji, aliyekuwa majeruhi wakati huo na hakucheza tena msimu ule. Wiki hiyo hiyo mmiliki Joe Lacob alisimama uwanjani usiku wa kumuenzi Chris Mullin, mchezaji wao wa zamani, akazomewa hadi akashindwa kuzungumza, na Rick Barry, gwiji wa klabu, ikabidi achukue kipaza sauti kuwaomba watu waache. Hakusikilizwa naye. Juni ya mwaka huo wakamchagua Draymond Green, wa 35. Mwaka 2015 wakachukua ubingwa, Bogut akiwa mtu wao wa kati, kisha 2017, 2018 na 2022.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kuzomewa ni dalili ya kuwa sahihi. Hapana. Wengi waliozomewa walistahili. Ninachosema ni kwamba watu wa Oakland walikuwa wanamlilia mtu waliyempenda, na klabu ilikuwa inajua jambo ambalo halionekani kwenye pointi za mechi: Ellis na Curry wote wafupi, wote wanataka mpira, na hakuna anayelinda kikapu. Walichagua mmoja. Wakamchagua mwenye vifundo vibovu, kwa sababu ndiye ambaye timu waliyoitaka ingeweza kujengwa juu yake.

Basi tufike Dallas. Naona wengine mmeanza kutabasamu.

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, hapa ilikuwa kama saa mbili asubuhi, kule Marekani usiku wa manane. Habari ikatoka kwamba Dallas wamempeleka Luka Dončić kwenda Lakers na kumchukua Anthony Davis. Watu wengi waliamini akaunti ya mwandishi aliyeitoa imedukuliwa. Luka alikuwa na miaka 25. Msimu uliotangulia alikuwa mfungaji bora wa ligi, wastani wa pointi 33.9, na aliifikisha timu fainali. Hakuwa ameomba kuondoka. Yeye hakujua, wakala wake hakujua. Davis alikuwa anakaribia miaka 32. Juu yake Dallas walipata Max Christie na haki moja ya raundi ya kwanza, ya mwaka 2029.

Haki moja. Miezi saba tu kabla ya hapo New York walitoa haki tano za raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges, mchezaji mzuri lakini ambaye hajawahi kuchaguliwa timu ya nyota hata mara moja. Iweje Luka awe na bei hiyo? Jibu ni kwamba hakuna aliyeulizwa. Meneja mkuu Nico Harrison alizungumza kwa siri na mtu mmoja, Rob Pelinka wa Lakers, ambaye walifahamiana tangu Harrison alipokuwa Nike na Pelinka akiwa wakala wa Kobe Bryant. Mazungumzo yalianza Januari kwenye kikombe cha kahawa. Mtu anayeuza shamba la urithi kwa mpita njia wa kwanza, bila kumuuliza hata jirani wa mpakani, ukoo utamwita kikao. Na Dallas ukoo ulikuja. Walileta jeneza la maigizo nje ya uwanja. Kelele za kutaka Harrison afukuzwe zilisikika hadi kwenye viwanja vya miji mingine.

Mgala muue na haki umpe. Hofu za Dallas hazikuwa za kijinga. Luka alikuwa majeruhi tangu Krismasi, klabu haikuridhika na namna anavyoutunza mwili wake, kwenye kukaba alikuwa anapitwa, na kiangazi kilichofuata angestahili mkataba wa takribani dola milioni 345 kwa miaka mitano. Meneja anayeona namba hiyo na asishtuke hafai kazi. Na alichosema Harrison, kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa, tunawafundisha watoto wetu kila Jumamosi.

Lakini mwenye hofu huanza na maswali. Je, Luka akiambiwa wazi, atabadilika? Timu nyingine 28 zingetoa nini? Tukimchukua mtu wa miaka 31 mwenye historia ya majeraha, tuna miaka mingapi? Davis alicheza mechi yake ya kwanza Dallas, pointi 26, rebaundi 16, akaumia nyonga kabla mechi haijaisha. Machi, Kyrie Irving, nyota wao mwingine, akachanika mshipa wa goti. Timu ikamaliza msimu na ushindi 39 na vipigo 43. Tarehe 9 Aprili Luka alirudi Dallas na jezi ya Lakers, wakamwonyesha video ya kumuaga, akalia mbele ya watu, kisha akawafunga pointi 45. Hizo pointi 45 zilikuwa ndiyo jibu la swali la kwanza, lile ambalo hawakuuliza.

Halafu bahati ikawaangukia: wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 walishinda bahati nasibu ya drafti, ile inayoamua nani achague wa kwanza, wakampata chipukizi Cooper Flagg. Wapo waliosema unaona, Harrison alikuwa sahihi. Ndugu zangu, mtu hapangi klabu kwa asilimia 1.8. Wamiliki nao hawakulikubali hilo. Novemba 2025, timu ikiwa imeshinda mechi tatu na kupoteza nane, wakamfukuza.

Kuna mzee mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: na nyota anayeomba mwenyewe kuondoka? Hilo ni gumu zaidi, Mzee, kwa sababu muuzaji anakuwa ameshikwa mkono. Kareem Abdul-Jabbar aliwapa Milwaukee ubingwa mwaka 1971, akaomba aende New York au Los Angeles, 1975 wakamwachia kwa Lakers. Yeye kule akachukua mataji matano. Milwaukee wakasubiri hadi 2021. Lakini mwaka 2007 Kobe Bryant naye alitaka kuondoka Lakers, akasema hadharani, redioni, bila kuficha. Lakers hawakumuuza. Walisikiliza malalamiko yake, ambayo kwa kweli yalikuwa na maana: hakuwa na wenzake wa kutosha. Februari 2008 wakamleta Pau Gasol, kaka yake Marc, na kati ya walivyotoa ilikuwemo haki ya huyo huyo Marc aliyekuja kumfungia njia Hasheem wetu. Lakers wakawa mabingwa 2009 na 2010. Kwa hiyo nyota akisema nataka kuondoka, kwanza msikilize anachokosa. Mara nyingine anakuambia kasoro ya timu yako bila kukutoza ada ya ushauri.

Huku kwetu hatuna drafti wala ukomo wa mishahara, na wachezaji wetu wengi wanakuja mazoezini wakitoka kazini au chuoni. Nyota wetu haondoki kwa kubadilishana. Anaondoka kwa sababu timu nyingine imempatia ajira, au ada ya chuo, na klabu iliyomlea tangu ana miaka 12 inasikia habari kwenye kundi la WhatsApp. Hapo sina la kumlaumu kijana. Ninalowaomba viongozi wa klabu ni mambo ya kawaida kabisa: mkae naye mwisho wa kila msimu, mumwambie mnamwona wapi mwakani, na yeye awaambie. Klabu inayompokea izungumze na klabu iliyomlea, hata kama ni kwa kutoa mipira kumi na mchango wa nauli za watoto. Na kama ni nyinyi mnaotaka kumwachia kwa sababu kijana wa chini yake amekomaa, mwambieni nyinyi, uso kwa uso, kabla jirani hajamwambia. Dada zetu wa ligi ya wanawake wamenieleza kwamba kwao hali ni mbaya zaidi, timu zinavunjika katikati ya msimu kwa sababu wachezaji wawili wamehamia mkoa mwingine. Hilo linahitaji siku yake na mzungumzaji anayelijua kuliko mimi.

Muda naambiwa umekwisha. Nimetaja Lakers mara nyingi na namwona kaka mmoja wa jezi ya dhahabu pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema Davis aliumia. Apewe kipaza sauti yeye kwanza, kisha dada aliyekaa karibu na dirisha.